Ndagala za Jumamosi

Jumatatu, 9 Juni
Umeme umerudi saa tatu. Chai, halafu kazi. Wateja ishirini na sita sasa, karibu wote wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, na mawese hapa Rumonge. Wananitumia sauti kwa simu, akili mnemba ya kampuni ya ng'ambo inaigeuza barua safi, ya Kifaransa ikibidi, na barua inakwenda kwa mnunuzi. Mashine si yangu. Yangu ni maelekezo niliyoiandikia. Tangu wiki jana naiacha ijibu wanunuzi yenyewe, bila mimi kusoma kwanza. Nilichoka kusoma. Toleo jipya la mashine linaandika vizuri kuliko mimi.

Jumanne, 10 Juni
Mama Zaituni, mmoja wa wateja wangu, kaja mpaka mlangoni. Si kawaida yake. Kaninyooshea simu bila salamu. Ekonomu, mshika fedha na manunuzi, wa shule moja ya bweni Bujumbura anamshukuru kwa kukubali kuleta mabeseni ishirini ya ndagala mbichi Jumamosi. Sikukuu ya shule, wazazi wote watakuwepo.

Jumamosi! Na mbalamwezi hii, nani atavua? Ndagala hufuata taa za wavuvi, na mwezi ukiwa mweupe taa hazina kazi. Mitumbwi yote imepandishwa mchangani. Hata mtoto wa chekechea hapa anajua.

"Nani aliitika?" kaniuliza.

Mashine. Kwa jina lake Mama Zaituni.

Jumatano, 11 Juni
Nina hasira. Nimeiandikia kampuni mara tatu. Nimejibiwa kwa adabu nyingi, na hakuna kitu ndani.

Mama Zaituni kampigia ekonomu. Huyo kakataa kusikia: wauzaji wengine keshawarudisha. Basi Mama Zaituni anatafuta mbichi. Nyanza-Lac hakuna, Kabezi hakuna. Ameihudumia shule hiyo miaka sita.

Sokoni anawaambia wote kwamba kosa ni la mashine ya wazungu. "Mutoto yangu hana kosa." Nimefurahi kusikia. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nimefurahi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimefungua maelekezo yangu nitafute ushahidi wa kuipelekea kampuni. Kurasa nne. Namna ya kusalimu. Ukubwa wa beseni. Namna ya kukataa bei mbaya bila kumuudhi mtu. Kutoahidi mzigo siku ya Idi.

Mwezi haumo. Nimesoma mara mbili. Haumo.

Niliandika yote ambayo mtu angeweza kusahau. Mwezi hakuna anayeusahau huku, kwa hiyo sikuuandika. Miezi iliyopita nilikuwa nasoma kila barua, nasahihisha mwenyewe, wala sikujua kwamba nasahihisha.

Kosa ni langu.

Ijumaa, 13 Juni
Baada ya swala nilikwenda kumwambia Mama Zaituni. Nikamkuta na wenzake, wananitania kwamba mashine yangu ikavue yenyewe. Yeye akanitetea tena. Nikacheka nao, nikarudi nyumbani. Mwoga mimi.

Ndagala mbichi hakupata. Kesho atapeleka kavu, karibu magunia yote aliyoyaweka auze kipindi hiki samaki wakiadimika. Anataka twende wote, nimweleze ekonomu mambo ya mashine.

Jumamosi, 14 Juni
Tulifika saa nne. Ekonomu hakutukaribisha kuketi. Nilikuwa na hotuba yangu tayari, ya Kifaransa kizuri, kampuni hivi, toleo jipya vile. Nilifungua mdomo. Mama Zaituni akasogea mbele yangu.

"Kosa iko yangu," akasema. "Niliahidi kitu haiko."

Basi. Mashine hakuitaja. Mimi hakunitaja. Ekonomu akachukua zile kavu, akasema mwaka ujao watatafuta mtu mwingine. "Murakoze," akashukuru Mama Zaituni.

Nilijichukia njia nzima mpaka Rumonge.

Jumapili, 15 Juni
Nimemkuta uani, anachambua mchanga kwenye ndagala zilizobaki. Nimemwambia yote. Kwamba mwezi sikuuandika. Kwamba nimelijua hilo tangu Alhamisi, nikamwacha anitetee.

Hakuinua macho.

"Ile mashine ilikuwa haijui," akasema. "Weye ulikuwa unajua."

Akakung'uta ungo.

"Toa jina yangu mule."

Nimelifuta palepale kwenye simu, akitazama kidole changu. Kisha kanisogezea ungo wa pili. Tumechambua mpaka adhana ya alasiri.