Kwezi Wangu kwenye Mwamba Wake

Jumanne, 1 Oktoba 1935. Suzhou.

Tumemaliza. Shaotang alichora mwamba juzi, mimi leo ndege wawili juu yake, kwezi – mmoja anapayuka, mwenzake amelala, mguu kaukunja tumboni. Macho nimeyaacha mwisho, kama kawaida. Mume wangu kacheka, eti mwamba wake umepata wapangaji. Jina na muhuri wake juu. Muhuri wangu mdogo chini, kwenye kona. Ndivyo tulivyokubaliana tangu tulipooana. Kesho picha inakwenda kwa fundi wetu, Mzee Pu, kubandikwa kwenye hariri, kisha maonyesho ya Shanghai. Mara yangu ya kwanza! Hata kula nimeshindwa.

Ijumaa, 4 Oktoba.

Mvua. Shaotang kaondoka na picha, peke yake. Eti huko ni wanaume tupu, nitachoka bure. Sawa.

Jumatano, 9 Oktoba.

Mzee Pu kaleta hariri iliyobaki. Ndani yake ukanda wa karatasi, upana wa vidole viwili. Muhuri wangu!

"Shemeji, usiniangalie hivyo," kasema. "Bwana ndiye aliyeniambia nipunguze chini. Nikajua mmekubaliana."

Nikammiminia chai. Miaka tisa tumechora pamoja! Na mtu mwenyewe akichora kwezi, anatoka kuku. Jirani naye kaniletea gazeti, kafurahi kweli: wanamsifu Shaotang kwa ndege wake. Ndege wake. Nimelia huku nakata figili. Sikudhani angeweza kunifanyia hivi, na kwa kisu cha mtu mwingine.

Jumapili, 13 Oktoba.

Karudi jana na peremende za ufuta. Nikamuuliza. Hakukana. Kasema watu wa Shanghai hawataki majina mawili kwenye picha moja, na kwamba mimi na yeye ni kitu kimoja. Kitu kimoja – ila aliyekatwa ni mimi.

Sasa wageni watatu kutoka Shanghai, walioipenda ile picha, wako sebuleni, wamekuja na treni ya asubuhi. Chai imenywewa, karatasi imetandikwa, wamemwomba awachoree kwezi hapo hapo, kama mchoraji yeyote anavyoombwa na wageni. Kasaga kijiti cha wino muda mrefu, mpaka nikaona haya mimi. Kachora mwamba. Mzuri. Kaongeza nyasi. Kaongeza nyasi tena.

Mzee mwenye miwani kasema kwa upole, "Bwana, mwamba tumeuona. Tunamngoja ndege."

Shaotang kanifuata huku jikoni, kola imelowa jasho. Ananinong'oneza niingie niseme mkono wake umeteguka. Nikisema mimi wataamini. "Nistiri, Wenqiu. Leo tu."

Nimemwambia atangulie.

Nimeosha mikono. Nimetoa brashi yangu nyembamba. Namwona kwenye upenyo wa pazia: anawasimulia habari za treni, anacheka peke yake, na pale juu ya mwamba kaacha nafasi ya ndege.