Walimu Wangu Wawili Wanagombana kwa Mdomo Wangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili nyumbani kwetu watakuja wageni wawili wasiojuana, wote wanakuja kwa ajili yangu, na anayejua kwamba ni wawili ni mimi peke yangu.

Nimemaliza sekondari na nasubiri mtihani wa kuingia chuo cha afya, kozi ya maabara. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, na nikikosa mwaka huu sina kingine nilichoomba. Mimi ni mtu wa haya, na si ile haya ya kupendeza ambayo wageni husifia, ni haya mbaya, mtu akiniuliza jina langu mbele za watu naanza kulitafuta. Halafu shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo kichwa changu kina milango miwili na mwalimu akibisha yote inajifunga. Dawa yangu ni kutikisa kichwa na kusema "nimeelewa". Nimeelewa mambo mengi sana maishani ambayo sijui hata yalihusu nini.

Sasa sikia. Baba ni fundi wa majokofu, mama ana saluni, na tangu nizaliwe wana ubishi mmoja tu usioisha, kwamba akili zangu nimezitoa kwa nani. Nikifaulu, baba anasema, "Hizo za kwetu." Nikifeli anamgeukia mama, "Hivi kwenu kuna aliyewahi kupatana na hesabu?" Mama naye hajambo, anamjibu, "Kwetu hesabu tunazijua, ndiyo maana najua bakora ngapi ulichapwa shuleni." Basi lilipotoka tangazo la mtihani, wote wawili wakasema mezani, mmoja akimtazama mwenzake, "Tuisheni ya nini? Mtoto ana kichwa." Kabla wiki haijaisha baba akaniita karakanani kwake, nikamkuta mzee mmoja mstaafu amekalia kreti. "Mama," baba huniita hivyo, "huyu ni Mwalimu, atakusukuma kidogo. Mama yako asijue. Atasema akili za kwetu haziwaki bila kusukumwa." Nikatikisa kichwa. Siku mbili mbele mama akanivuta stoo ya saluni, kuna dada wa chuo kikuu, mteja wake, kichwa nusu kimesukwa nusu bado. "Mwanangu, huyu atakufundisha hapa hapa. Baba yako asisikie hata harufu, atatangaza mpaka kwa kaka zake." Nikatikisa tena.

Mwalimu wa baba, mafundi wa karakana wanamwita Mzee Hatua, kwa sababu kila kitu kwake ni "onyesha hatua". Anaandika kwa chaki kwenye mlango wa jokofu bovu uliopakwa rangi nyeusi, anafundisha kwa Kiingereza cha polepole kama anatembea na yai kichwani, na ukiruka mstari mmoja anafuta yote mnaanza upya. Yule wa mama ni kinyume chake kabisa, nami kimoyomoyo namwita Dada Mkato. Anafundisha kwa Kiswahili, mbio, anaandika kwa kalamu ya wino kwenye kioo cha zamani, kwa hiyo nikiangalia hesabu naiona na sura yangu nyuma yake imetoa macho. Yeye anasema mtihani ule ni wa kuchagua jibu, saa inakimbia, na kazi yako si kukokotoa, ni kuyafukuza majibu ya uongo mpaka la kweli libaki peke yake.

Balaa lilianza hivi. Mzee Hatua alinipa swali la kuchagua jibu, bomba moja linajaza tangi kwa saa tatu, la pili kwa saa sita, yakifunguliwa yote tangi litajaa kwa saa ngapi. Nikasema nimeelewa. Akaniangalia. "Basi kesho uje unifundishe mimi, binti." Mshauri, niliona giza. Nikalipeleka swali kwa Dada Mkato kama langu, na majibu yake manne, saa moja, saa mbili, saa nne na nusu, saa tisa. Akacheka. "Mdogo wangu, bomba la kwanza peke yake ni saa tatu, likisaidiwa litazidi tatu? Fukuza nne na nusu, fukuza tisa. Na kama mabomba yote yangekuwa na nguvu ya lile la kwanza, ingekuwa saa moja na nusu, lakini la pili ni goigoi, kwa hiyo haiwezi kuwa moja. Kimebaki nini?" Kesho yake nikayamwaga yote kwa Mzee Hatua kama yalivyo. Chaki ikasimama hewani.

"Nani kakufundisha uvivu huu?"

"Nimefikiria tu, Mwalimu."

Ule ndio ulikuwa uongo wa kwanza. Akaandika hatua zake, theluthi moja kwa saa, sudusi moja kwa saa, ukijumlisha ni nusu ya tangi kwa saa, basi ni saa mbili, kisha akanigeukia na uchokozi machoni. "Na mtunzi akikuwekea saa mbili na saa mbili na robo, utafukuza lipi?" Jioni ile ile nikamuuliza Dada Mkato vile vile, mpaka na ule uchokozi nikauiga. Akaweka kitana chini. "Eti! Umeanza kunipima?" Akafanya hatua zote kwenye kioo, akanitazama kwa heshima mpya. "Haya. Mwambie huyo anayekaa kichwani mwako kwamba hatua ni tamu kama una siku nzima. Una dakika moja kwa swali. Afanye hatua zake maswali yote tuone kama atafika nusu." Nikambebea.

Tangu hapo ndiyo kazi yangu, mshauri. Huyu akirusha, nambebea yule, yule akirudisha, nambebea huyu, wao wanadhani wanabishana na mimi. Na hili ndilo linanipa aibu kuliko yote, napenda. Mdomo ambao sikuwahi kuwa nao nimeupata, maneno yakiwa ya mtu mwingine mimi ni simba, hata mteja mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele alisema, "Huyu mtoto ndiye mliyesema hasemi?" Mzee Hatua kamwambia baba, "Binti yako anabishana kama mtu aliyezeeka kwenye kazi hii." Baba kafika nyumbani anapiga mluzi, "Za kwetu hizo," mama anacheka jikoni peke yake kwa sababu Dada Mkato kamwambia hivyo hivyo. Wote wanasema niko tayari. Lakini hakuna hata swali moja nililoanza na kumaliza mwenyewe bila kukimbilia kwa mmoja wao.

Sasa baba kaninong'oneza, "Jumapili Mwalimu anakula hapa, nataka mama yako aone mtoto wa kwetu anavyoulizwa maswali." Sijakaa sawa, mama naye, "Jumapili Dada anakuja, tumfunge baba yako mdomo." Nimefikiria kujifanya naumwa. Nimefikiria kumwambia Dada kwamba Jumapili tuna msiba, nikakosa wa kumuua. Mtihani ni wiki inayofuata. Nimwache yupi? Na nitasemaje, mtu ambaye hata "samahani" huisemea moyoni?

Ni mimi,
Tarishi wa Walimu Wawili

MSHAURI ANAJIBU

Tarishi wangu, marahaba. Kwanza nisamehe, nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini. Sasa nimemaliza kucheka, kaa vizuri.

Wewe ni mwongo, lakini ni mwongo mdogo katika nyumba yenye waongo wakubwa wawili. Siri ya kwanza si yako. Mtoto kuambiwa "mama asijue" na "baba asisikie" wiki moja ni mzigo wa watu wazima, na wazazi wako watauteremsha wao wenyewe. Kwa hilo sikulaumu. Ninachokulaumu ni hiki, umewachukua watu wawili wenye akili, ukawasomesha vizuri sana. Mtihani huo wangeufanya wao, wangefaulu wote wawili kwa alama za juu, na wewe ungewashikia mikoba nje.

Unasema hujui kitu. Mimi mwenyewe hesabu na mimi tuliachana zamani bila kuagana, lakini nimesoma barua yako na mabomba yako nimeyaelewa kwa njia zote mbili. Asiyejua kitu hawezi kunifanyia hivyo. Kuna kilichobaki kichwani wakati unabebabeba. Ni kiasi gani? Usiniulize mimi, na usiwaulize wao, maana hawajawahi kukufundisha wewe, wamekuwa wakifundishana.

Kwa hiyo Ijumaa unatafuta mtihani wa mwaka uliopita, unaenda mahali pasipo na jokofu wala kioo, unaweka saa mbele yako na unafanya peke yako kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Usitazame majibu katikati. Ukimaliza, sahihisha kwa ukali. Utakayoyakosa ndiyo masomo yako halisi, na wiki iliyobaki ni ya hayo tu.

Jumamosi unawaambia wazazi. Wote wawili, pamoja, kabla mama hajaenda kununua mahitaji ya Jumapili. Usithubutu kusubiri wageni wagongane mlangoni, hiyo ni dhihaka kwa walimu ambao hawajakukosea. Unasema huwezi kuongea, ila maneno ya mwingine unayabeba kama simba. Haya, beba yangu: "Baba ana mwalimu, mama ana mwalimu, na mimi nina mtihani." Basi. Ukishasema, nyamaza, kazi hiyo unaijua. Waache watazamane. Watakasirika kidogo, watacheka kidogo, kisha wataanza kubishana mwalimu wa nani alikuja kwanza. Hapo ondoka, hayakuhusu.

Na ninyi wazazi, kama mnasoma hili mmoja akijificha mwenzake asione, hongereni, mmefanana kuliko mnavyodhani. Kila mmoja alijua mtoto anahitaji msaada, kila mmoja akaona bora afiche kuliko akubali. Haya ya mtoto huyu haikuja kwa bahati mbaya. Kila akifungua mdomo nyumbani kuna mtu anahesabu ushindi.

Usimwache mwalimu hata mmoja. Mzee anakupa kuelewa, Dada anakupa mwendo, na mtihani utakudai vyote viwili. Jumapili waombe radhi wote, sentensi moja inatosha, kisha waache wale pamoja. Watagombana ana kwa ana, na nakuhakikishia watafurahi mno, huenda wakasahau hata wali umepoa. Lakini baada ya chakula chaki unashika wewe. Chagua swali moja kati ya yale uliyoyakosa Ijumaa na ulifanye mbele yao. Waambie mapema kwamba hakuna kusema neno mpaka utakapowaomba, hata ukikosea, hata Mzee akianza kukohoa.

Ukifika mahali usipopajua, usitikise kichwa na usiseme umeelewa. Weka kidole pale pale ulipokwama na uulize. Waulize kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, mlango wowote utakaofunguka. Hilo ndilo litakuwa swali lako la kwanza.