Bakora Mlangoni

Mji wa Ibra, Alhamisi. Upepo wa mchangani umevuma tangu asubuhi, meza ninayoandikia ina vumbi, na mimi nina fahari. Naanza na hilo lisije likajificha katikati ya habari.

Leo wanawake wa kwetu wamecheza mchezo wa Waassam.

Aliyetuletea ni Ranjita, muuguzi kutoka Assam, kule kaskazini-mashariki ya India. Bibi yake alikuwa mwigizaji vijijini, na mchezo huu ni wake. Anasema zamani kwao hata wanawake wa jukwaani walikuwa wanaume waliovishwa nguo za kike. Baadaye wanawake wakapanda wenyewe, kisha wakatunga. Ndiyo maana katika michezo hiyo mwanamke hapambani na mtu mmoja. Mwingereza yuko barabarani, mume yuko mlangoni.

Hadithi ni fupi. Mume anawahimiza wanakijiji wasimlipe Mwingereza kodi ya ardhi. Mkewe anataka kwenda na wenzake kuwazibia njia wakusanya kodi. Mume anamkataza, anakinga mlango kwa bakora.

Mke ni Thuraya, binti wa dada yangu. Mume ni Bi Zuwena, kwa sababu huku kwetu mambo yamegeuka: ukumbi ni wa wanawake watupu, basi wanaume tunawacheza sisi. Alivaa kanzu na kilemba cha marehemu mumewe.

Juzi nusura tuukose ukumbi. Ufunguo anao Ami Nasor, mdogo wake Bi Zuwena. Alikuja kwenye mazoezi, akasimama kizingitini.

"Mwingereza mtukaneni mpaka mchoke," alisema. "Lakini ya mume na mkewe yaondoeni. Yakibaki, ufunguo sitoi."

Thuraya alinitazama. Alikwishaniambia kwamba sehemu ile ikitoka, na yeye anatoka.

Bi Zuwena aliweka kilemba sawa. "Nasor, katika mchezo huu mume nani?"

"Wewe, dada."

"Basi mume karidhia. Wewe unaingilia nyumba za watu kwa nini?"

Tulicheka mpaka Ranjita akaomba atafsiriwe.

"Dada, usinifanyie mzaha mbele ya watu."

"Mzaha huo wako. Mke amwambie Mwingereza 'toka', mumewe asimwambie 'nakwenda'? Haya, hebu nieleze."

Ami Nasor aligeuka. Aliondoka na ufunguo wake mfukoni.

Leo alasiri tulifika tukiwa tayari kuchezea uani kwangu, na vumbi lote hili. Tukakuta mlango wa ukumbi uko wazi, viti vimepangwa, halua na kahawa mezani. Ami Nasor mwenyewe alikuwa nje na wanaume wenzake.

Katika mazoezi, Thuraya alikuwa akiinama na kupita chini ya bakora. Leo hakuinama. Aliishika kwa mkono mmoja akaisukuma. Bi Zuwena naye hakumlegezea. Ana nguvu bado, na hapendi ushindi wa bure. Wakavutana.

"Umemwambia Mwingereza nchi hii si yake," Thuraya alisema, akihema kweli. "Na miguu yangu hii ni ya nani?"

"Mwambie, mwanangu!" alipaza sauti mtu kutoka mstari wa mbele. Nikageuka. Alikuwa mke wa Ami Nasor.

Bakora ikashuka.

Nikiwa kazini sina desturi ya kushangilia ninachokiandika. Leo nilipiga vigelegele, na kalamu ikaanguka chini ya kiti.

Ranjita alilia. Mimi sikulia, ila nilimshika mkono. Mchezo wa bibi yake umevuka bahari, umefika kwetu, na hatukuukata hata neno.

Tulipotoka, Ami Nasor alimsogelea dada yake, ambaye bado alikuwa ndani ya kanzu.

"Shikamoo, dada. Enhe, mume kafanya nini?"

"Marahaba. Kasogea."

Kesho mhariri wa gazeti letu atataka picha za mavazi na maelezo mafupi. Atapewa picha. Lakini habari yangu itaanzia mlangoni, na akitaka kuukata mlango ule, atafute mwandishi mwingine.