Bega la Mkunga

9 Februari

Dada yangu,

Hujambo? Shemeji hajambo, na watoto? Mgongo bado unakuuma ukiinamia cherehani, au umekubali kukalia ule mto niliokuletea? Mimi mzima wa afya, ila mgonjwa wa kukaa kitako. Kwa saa nane kila siku nimevaa visikilizio vya masikioni, watu wananifokea simuni kwa sababu ya mashine zao za kufulia, nami najibu "pole sana, mteja wetu" mpaka ulimi unakufa ganzi. Ndiyo maana sitaki simu nyingine nikitoka kazini. Tuendelee na barua.

Nimeanza kitu, na kabla hujacheka, nimefika siku ya sitini na moja. Kila asubuhi, chai ikiwa bado inafuka, najaza ukurasa mmoja wa daftari nene lisilo na mistari. Natumia kilichopo mezani. Sifuti, na sichani ukurasa hata uwe mbaya namna gani. Jana nilimchora jirani yangu wa kazini nikiwa nimefumba macho, akatoka na pua mbili. Nikampaka chai usoni, nikambandikia tiketi ya basi iwe kofia yake. Leo nimeshona uzi wa kijani moja kwa moja kwenye karatasi. Kinachonoga zaidi ni zile karatasi kuukuu za kahawia nilizozikuta nyuma ya kabati la Mama siku tulipogawana vitu vyake. Zinanyonya rangi vizuri ajabu, na gundi haizikunji.

Unanijua. Kufundisha chekechea nilidumu miezi minne, kuoka mikate miezi miwili. Hiki sijakikimbia bado.

Mdogo wako,
Kiherehere


22 Februari

Kiherehere wangu,

Barua imenikuta salama. Shemeji yako mzima, watoto wazima, mgongo unalalamika, na mto wako ameuchukua paka. Siku sitini na moja! Nilipomsomea shemeji yako aliuliza kama unaumwa. Usimjali.

Sasa acha kutikisa mguu unisikilize. Mkunga anastaafu. Yule yule aliyetupokea sote wawili tulipozaliwa. Ataagwa pale hospitali tarehe ishirini na sita Aprili, atapanda jukwaani mbele ya watu wote, na gauni anataka nimshonee mimi. Unalijua bega lake la kushoto lilivyoshuka tangu alipoanguka ujanani. Mama alimpima mara moja, mlango umefungwa, akamtengenezea karatasi yake ya kukatia, na kwa miaka ishirini nguo zake zote zimetoka kwenye karatasi ile. Akivaa huoni kasoro. Nilipomwendea na futi alinirudisha: "Mama yako alishanipima. Sipimwi tena."

Karatasi siioni. Nimepekua kabati lote. Ni ya kahawia, na pale begani Mama aliongeza kipande akakishona kwa uzi mwekundu. Hukuiona siku ile?

Dada yako


1 Machi

Dada,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo. Mvua huku hainyamazi, viatu vyangu havijakauka wiki nzima.

Karatasi hiyo sikumbuki kuiona. Jaribu darini, Mama alipenda kuficha vitu huko. Au muulize yule mwanafunzi wake wa zamani, labda aliiazima. Mimi nimebadilisha dawati kazini mara mbili, na dirisha la chumbani nimelisafisha kwa gazeti, kisha nikalisafisha tena. Sijui nina nini. Nakatisha hapa, naitwa.

Mdogo wako


12 Machi

Mdogo wangu,

Habari za siku? Sisi tupo, tunasukuma siku. Barua yako fupi hivyo mpaka nikageuza bahasha kuangalia kama kuna nyingine.

Nimepanda darini. Nimetoka na vumbi kichwani na kiatu kimoja cha shemeji yako, basi. Mwanafunzi wa Mama naye hana habari. Nilimwomba Mkunga alete gauni lake la zamani niige, akaleta. Limefuliwa mpaka limevutika, bega halina umbo tena.

Nikuambie nisilomwambia mtu. Miaka mitatu tangu Mama afariki, kila nguo ya maana iliyotoka hapa nimeikata kwa karatasi zake. Wateja wapya nawapa sketi na sare za shule, vitu visivyo na siri. Watu wananiita fundi, nami naitika, lakini moyoni najiona mtunza kabati tu. Mkunga akipanda jukwaani gauni limepinda, kila mtu ataliona bega lake, na kila mtu atajua kuhusu mimi. Siku zinakwenda na sijashika mkasi.

Dada yako


19 Machi

Dada yangu,

Sijui niulize vipi kama hujambo.

Ninayo. Nilikuwa nayo tangu mwanzo. Nilidhani ni mabaki, Dada, naapa, mimi sikukaa kwenye kile chumba cha kushonea hata saa nzima mfululizo, utotoni wala ukubwani. Niliikata. Imo kwenye daftari, kurasa kumi na moja. Kipande cha mgongo nimekifanya ukuta wa nyumba, mkono mmoja ni mto wenye samaki. Bega lenye uzi mwekundu nimelipaka kijani likawa kilima, na mbuzi wanne wanateremka. Uliponiuliza niliujua ule uzi palepale, nikaogopa, nikakupandisha darini.

Leo ni ukurasa wa tisini na tisa. Tangu nizaliwe sijawahi kufanya kitu chochote siku tisini na tisa. Nikianza kuchana, najijua, sitarudi tena. Lakini sema neno moja tu nami nitachana.

Mdogo wako


10 Aprili

Dada,

Wiki tatu, na neno hukusema. Kila jioni nafungua sanduku la barua mara mbili, mwenye nyumba ameanza kuniangalia vibaya.

Basi nimechana. Nilichemsha maji nikazishika kurasa juu ya mvuke mpaka gundi ikaachia. Vipande vitano vimetoka vizima. Vingine viligoma, nimekutumia ukurasa wote pamoja na michoro yake. Nimeviandikia namba nyuma, kuanzia shingoni kushuka chini. Kurasa zilizobaki zinapwaya, jalada limelegea, na sijagusa daftari tangu hapo. Mikono inaniwasha, sijui niiweke wapi. Kazini natafuna vifuniko vya kalamu.

Nitukane basi, ila niandikie.

Mdogo wako


18 Aprili

Kiherehere wangu,

Hujambo? Sisi wazima. Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza, kalamu ilitaka matusi. Karatasi ningekusamehe siku ileile. Kilichoniuma ni dari. Mtu mzima mwenye mgongo kama wangu!

Bahasha ilifika juzi asubuhi. Niliunganisha vipande mezani kwa pini, nikakata gauni la majaribio kwa shuka kuukuu. Mkunga akaingia bila kubisha hodi, kama anavyoingia kila mahali, na karatasi bado zimetandazwa. Nilitaka kufunika, sikuwahi. Akavaa miwani. Akaliona bega lake limekuwa kijani, na mbuzi wako juu yake. Nikajua nimempoteza. Akauliza, "Hawa wanaenda wapi?" Nikamwambia, "Sijui, Bibi, kamuulize mdogo wangu." Alicheka mpaka akashika meza. Akasema tangu aanguke hakuna mtu aliyewahi kulichezea bega lake. Watu huligeuzia macho tu, na aliyelificha vizuri kuliko wote ni Mama.

Tukajaribu gauni. Halikukaa. Kwapa lilibana, shingo ikavutika upande. Nilidhani nimekosea kuunganisha, nikarudia pini moja moja, namba zako zote ziko sawa. Miaka imepita, bega limezidi kushuka. Karatasi ya Mama haimfai tena. Nilikaa chini nikalia mbele ya mteja. Umevunja daftari lako kwa ajili ya kitu ambacho kisingefaa hata kama kingekuwa kabatini, kizima. Nisamehe, mdogo wangu. Humu ndani nimekuwekea karatasi za kahawia, mpya, ambazo hazina mwili wa mtu. Anza kesho. Na nililia pia kwa ajili yangu, kwa sababu sikuwa na pa kujificha tena.

Mkunga akaenda akafunga mlango mwenyewe. Akavua blauzi, akasimama mbele ya kioo.

"Mama yako aliniambia mabega yangu yanakaribia kulingana," akasema. "Nilijua ananidanganya, na nikampenda kwa hilo. Wewe usinidanganye. Limeshuka kiasi gani?"

Nikapima, nikapima tena.

"Vidole vinne, Bibi."

Alisogea karibu na kioo. Kisha akasema, "Basi andika vinne."

Zimebaki siku nane, na asubuhi hii nimekata kitambaa chenyewe.

Dada yako,
fundi