Picha ya Mama kwa Bango

Jumatatu, 4 Agosti. Kitale.
Picha za pasipoti kumi na moja kabla ya saa sita. Mtoto mmoja amekojolea kiti cha studio. Halafu simu ya Wafula kutoka Bungoma. Ndiye kaka mkubwa, kwa hivyo sherehe ya wazazi kutimiza miaka hamsini ya ndoa ni yake, kanisa ni lake, hata Mungu ni wake. Kwa bango anataka ile picha yao niliyopiga Pasaka kule Kimilili. "Lakini iwe nyeusi na nyeupe. Hayo mabaka ya Mama yasionekane. Wageni wanatoka mbali."
Nimemkatia simu.

Jumanne.
Mabaka meupe, mdomoni na mikononi. Anayo tangu nikiwa darasa la tatu. Hayaambukizi. Bado kuna majirani hawali chapati zake. Na Wafula hakumwalika kwa mahafali yake, ati nafasi zilikuwa chache. Mwongo.

Jumatano.
Nimeondoa rangi, nione tu. Kwa rangi, mabaka yanaonekana ya waridi, na gauni la rangi ya machungwa linavuta macho kwanza. Bila rangi yanawaka kama chokaa. Nimemtumia Wafula. Nimecheka vibaya.
Amejibu papo hapo: "Basi yafute. Si ndiyo kazi yako?"
Sifuti. Naichapisha ya rangi. Akitaka aje tupigane.

Alhamisi.
Nimefungua picha zote za Mama. Miaka tisa. Isipokuwa hiyo ya Pasaka, kila moja mikono iko chini ya leso aliyojitanda. Ni mimi niliyekuwa namwambia, "Funika mikono, Mama, inaharibu mwanga." Mwanga gani? Nimejichukia. Sijala.

Jumamosi. Kimilili, kwa wazazi.
Nimeziweka picha zote mbili za Pasaka mezani, ya rangi juu. Nikaanza kumtukana Wafula. Mama akaniinulia mkono.
"Wafula amesema. Wewe umesema. Mimi nani ameniuliza?"
Akachukua nyeusi na nyeupe. "Hii."
"Mama, hapo mabaka yanaonekana zaidi."
"Si nina macho? Kwa hiyo ingine wataangalia gauni. Hapa wataniangalia mimi."
Baba akachungulia. "Umependeza, Mama Wafula." Akarudi kwa redio yake.
Nikamkasirikia Mama pia. Nilikuja kumshinda Wafula.

Jumapili, 17 Agosti.
Bango lilitundikwa nje ya kanisa, nyeusi na nyeupe. Hakuna kilichofutwa. Wafula alisimama mbele yake muda mrefu. Sikumwendea. Mama alikaa kiti cha mbele na kula keki yake yote.
Wageni walipoondoka tulilikunja mimi na Wafula, kila mtu upande wake. Bado nina hasira naye. Imepoa kidogo. Mvua ikaanza, tukaingia ndani kunywa chai.