Kiti cha Pacha wa Pili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Shemeji aliniambia sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi sana. Huku sote wazima, ila wifi yako ana mafua, na watoto wanalalamika kwamba hotuba zangu mezani zinawakata hamu ya kula.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu hasa ni nini, nami hukujibu kwa majigambo. Leo nitasema wazi. Watu hununua tiketi za ndege kwenye tovuti ya kampuni yetu. Taarifa zao huingia kutoka kila upande, zikiwa chafu na zimejirudia, nami ndiye mhandisi mkuu wa kuzisafisha. Kwetu ofisini hakuna wasafiri. Hakuna anayekwenda kuoa wala kuzika; kuna rekodi tu. Nimewapigia mabosi kelele miaka kumi juu ya lugha hiyo, mpaka nao wakaniita Mbishi, kama nyumbani. Sasa sikia Mbishi mwenyewe alichofanya.

Kuna mwaka malalamiko ya tiketi zilizolipiwa mara mbili yalituzidi. Nikaandika kanuni: rekodi mbili zenye jina moja la ukoo, herufi moja ya kwanza ya jina, tarehe moja ya kuzaliwa na ndege ile ile, ni mtu mmoja aliyebonyeza mara mbili. Ya pili ifutwe, kiti kiachiwe, pesa zirudi. Mkaguzi wetu, mama mmoja mpole, aliuliza kikaoni: na mapacha je? Nilimjibu kwamba mapacha wanaosafiri pamoja ni wa kwenye sinema. Watu wakacheka. Nikacheka nao, mimi niliyebebwa migongoni mwa mapacha wawili kwa zamu.

Wiki ya tatu baada ya kanuni kuanza kazi, baba akalazwa. Ulinunua tiketi mbili kwenye tovuti yetu kwa simu yako, ya pacha wako kwanza, kisha yako. Uwanjani mwenzako akapita. Wewe ukaambiwa huna kiti na ndege imejaa. Ulifika kesho yake jioni. Baba alikuwa amefariki alfajiri, na mpaka mwisho alikuwa akikuulizia.

Pesa ziliporudi kwenye simu yako, shangazi alitangaza mbele ya watu kwamba ulifuta safari mwenyewe, kwa kinyongo cha ule ugomvi wako na baba. Uliapa, hakuna aliyekusikiliza. Pacha wako hajakanyaga kwako tangu siku hiyo. Miaka minne.

Dada, hukufuta kitu. Siku ya pili baada ya mazishi nilifungua mfumo, nikaikuta rekodi yako: imefutwa, imejirudia. Pembeni, jina la aliyeandika kanuni: langu. Niliirekebisha kanuni asubuhi ile ile, nikafunga mdomo. Mimi ninayegombana na dunia nzima juu ya ukweli, niliogopa macho yako.

Maneno haya haya yameshatangulia kwa shangazi na kwa pacha wako. Sikukuomba ruhusa, maana ungenizuia, kama ulivyokuwa ukinificha nyuma ya gauni lako baba akinitafuta na mkanda. Safari hii, dada, usinifiche.

Msalimie shemeji na wapwa zangu wote. Goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi