Salamu mu njia ya shamba

Masika, mujukuu wangu,

Hapa Butembo tuko tunapumua tu. Dada yako alizaa mutoto mwanaume.

Unauliza juu ya nini niliacha shamba yetu ya Mabalako. Nikiwa mutoto, baba alinichapa fimbo kwa sababu nilipita mugeni mu njia ya shamba bila kumusalimia.

Mwezi uliopita niliona mutu mu miti ya kakao ya shamba yetu. Nikafikiri ni bale bauaji benye kuchinja batu mu mashamba, nikalala chini. Lakini ule mutu naye alilala. Tulibakia vile mpaka jua ikapanda, kisha nikasikia anakohoa: alikuwa Kavira, jirani yangu tangu ujana. Tukasimama, tukapanguza udongo, tukashindwa hata kusalimiana kwa kuona haya.

Baba angekuwa hai, angetuchapa sisi wawili.

Koko yako